Lita Tatu za Dhahabu

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma ya stoo ya maturubai, Kariakoo. Melkiori, bosi wa genge, alimgeukia Siwema.

"Mwalimu, leta vipimo."

Siwema aliwahi kufundisha fizikia. Wiki mbili hizi alikuwa akifagia ofisi ya mnunuzi wa dhahabu, ghorofa ya nne, na jana alilipima sanduku la dhahabu kwa rula, huyo tajiri akiwa kwenye simu.

"Urefu sentimita ishirini, upana kumi na tano, kina kumi. Sentimita za ujazo elfu tatu. Vipande vimepangwa hadi juu."

"Kwa lita?"

"Tatu."

Melkiori akacheka. Alikulia kwenye mapipa ya mafuta ya kula hapa hapa sokoni, na kwake lita ilikuwa kilo. "Kilo tatu! Naingia peke yangu na begi la shule. Godbless, pikipiki. Mwalimu, mlango wa chini."

"Mbona peke yako, bosi?" Godbless aliuliza.

"Kilo tatu zinataka machela?"

Hesabu nzima Siwema alikuwa nayo kichwani. Dhahabu, gramu kumi na tisa nukta tatu kwa kila sentimita ya ujazo. Mara elfu tatu. Gawanya kwa elfu upate kilo. Hamsini na saba nukta tisa. Akafunga mdomo.

Mwaka jana, Mchikichini, genge likikimbia, Elimringi alivunjika mguu. "Muacheni, mzito," Melkiori alisema. Umati ukammaliza. Humu ndani hakuna aliyejua kuwa Elimringi na mwalimu walizaliwa tumbo moja. Siwema alimchukia Melkiori mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Saa saba na dakika tano mchana. Ijumaa. Ofisi imefungwa, walinzi wako msikitini hadi saa saba na nusu. Melkiori akapanda ngazi.

Saa saba na robo. Simu ya Siwema ikalia.

"Mwalimu! Sanduku halinyanyuki!"

"Acha nusu."

"Niache dhahabu? Umerogwa?"

Melkiori akatia dhahabu yote begini, akaanza kuliburuta ngazi kwa ngazi.

Saa saba na dakika ishirini na sita. Ghorofa ya kwanza, mikanda ikakatika. Vipande vikamwagika, kimoja kikamponda vidole vya mguu. Siwema alimkuta amepiga magoti, anaokota huku analia.

"Dada'angu, nisaidie. Tubebe wote."

"Kilo hamsini na nane hizo, Melkiori. Kaka yangu Elimringi alikuwa na uzito huo huo."

Melkiori akamtazama kwa kutoamini. Kisha macho yakamtoka kwa hofu, lakini mikono haikuachia begi.

Barabarani walinzi walikuwa wakirudi, kanzu nyeupe, wanapiga soga. Siwema akashuka, akauacha mlango wazi kabisa, akapanda nyuma ya pikipiki.

"Bosi yuko wapi?" Godbless alinong'ona.

"Muache," Siwema alisema. "Mzito."