Simjui, Ni Mpiga Picha Tu

"Mpiga picha, mbona umesimama? Wageni ndio hao wanaingia."

Festus, kaka wa bibi harusi, alikuwa amemshika bega. Nthambi hakumsikia. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo kidogo cha kamera, na ndani ya kioo kile alikuwemo mwanamume wa shati jeupe, anatembea katikati ya wajomba zake, kichwa kimeinama kwa adabu. Nyuma yao vijana walikuwa wakivuta mbuzi watatu. Wanawake wa kijiji cha Kola wakapiga vigelegele.

"Yule wa shati jeupe ndiye bwana harusi?" Nthambi akauliza.

"Ndiye. Ndeti. Si nilikwambia ni dereva wa lori, anakaa Mlolongo?"

Alimwambia, ni kweli. Lakini Nthambi hakumjua mtu yeyote anayeitwa Ndeti. Yeye alimjua Aloys. Aloys aliyekuwa mpenzi wake kwa miaka miwili. Aloys aliyesema kwao ni mbali, Kitui ndani kabisa, barabara mbovu, tutaenda mvua zikipungua.

Akainua kamera akapiga. Hakujua la kufanya, na mikono yake ilikuwa imezoea kazi kuliko kichwa. Ndipo Aloys akainua uso akamwona. Hatua yake moja ikakosea, kama mtu aliyekanyaga mwiba, kisha akaendelea kutembea.

Kamera ile Aloys mwenyewe ndiye aliyemletea, Disemba iliyopita, akitoka kupakua mzigo Mombasa. Nthambi alikuwa na studio ndogo karibu na soko la Machakos, aliyoachiwa na marehemu baba yake, na maisha yake yote alikuwa amepiga picha kwa filamu. Alipofungua lile boksi alikaa chini sakafuni. Ukiiona kwa mbali ungeapa ni kamera ya enzi za mkoloni: mwili wa rangi ya fedha, ngozi nyeusi pale pa kushika, gurudumu la kuzungusha juu, tundu dogo la kuchungulia pembeni. Ukiigeuza nyuma unakuta kioo kinachong'aa kama televisheni.

"Imevaa nguo za baba yangu," alimwambia Aloys siku hiyo, akicheka huku machozi yakimtoka, "lakini akili yake ni ya leo."

"Nilipoiona dukani nikasema hii ni ya Nthambi. Hata sikuangalia zingine."

"Filamu inaingia wapi?"

"Haina filamu. Unapiga tu. Ukikosea unafuta."

Picha ya kwanza alimpiga yeye. Aloys mbele ya pazia la studio lililochorwa maporomoko ya maji, soda mkononi, anacheka mdomo wazi. Tangu siku hiyo Nthambi hakuachana na ile kamera. Alilala nayo kitandani, kando ya mto. Watu waliingia studio kuiona tu na kuuliza maswali, naye hakuchoka kuwajibu. Alipiga harusi, ubatizo, hata kuku wa jirani. Festus alipokuja kumwita kwa ajili ya ntheo ya dada yake Kamanthe, hakuuliza mengi. Alisema ndiyo kabla hajamaliza kusikiliza.

Na ntheo si mchezo. Upande wa mume ukileta mbuzi, na mbuzi hao wakachinjwa pale nyumbani kwa msichana, basi huyo ni mke wa mtu. Hakuna kurudi nyuma.

Wageni walipokalishwa na chai kuanza kugawiwa, simu ya Nthambi ikatetemeka mfukoni.

"Tafadhali usiseme kitu leo. Nitakueleza kila kitu."

Akaandika: "Nieleze sasa. Niko nyuma ya ghala."

Aloys alikuja akitazama nyuma.

"Nthambi, sikujua ni wewe wataita."

"Ungejua ungefanya nini? Ungewatafutia mpiga picha mwingine?"

Aloys akachungulia pembe ya ghala.

"Huyo msichana anajua kuna mimi?"

"Hajui."

"Na mimi sikujua kuna yeye. Kwa hivyo kati yetu watatu, ni wewe peke yako ulikuwa unajua."

"Ako na mimba yangu. Mama akasikia. Unajua vile mama alivyo, akisema kitu..."

"Sijui vile alivyo, Aloys. Hujawahi kunipeleka nimwone."

Aloys akajifuta jasho kwa kiganja. Ng'ambo ya ghala, wazee walikuwa wakicheka.

"Mimi nakupenda wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo kamera nilikupea kwa nini?"

"Hata mimi najiuliza."

"Nisikilize. Hizo picha zetu, si bado ziko ndani? Zifute. Kamanthe anapenda kuangalia kila kitu. Akiomba kuona za leo akakuta hizo, nimekwisha. Nakuomba, Nthambi. Ni mjamzito. Usimwaibishe mbele ya watu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshinda nguvu. Hakuwa amemwona huyo Kamanthe bado, lakini aliweza kumwona akilini, amekaa chumbani amevalishwa, anangoja. Akawasha kamera akaanza kufuta. Aloys amelala chini ya lori lake kule Konza, miguu tu inaonekana. Aloys na Nthambi kando ya bwawa la Maruba, picha imepinda kwa sababu walijipiga wenyewe kwa kunyoosha mkono. Kila moja kamera ilimuuliza kama ana hakika, na kila mara akabonyeza ndiyo. Aloys alisimama anatazama, kama askari anayesimamia mfungwa.

Ilipobaki ile ya kwanza tu, mjomba wa Aloys akaita. "Ndeti! Umeenda wapi?"

"Hiyo nayo futa," Aloys akasema, akaondoka.

Nthambi aliitazama. Ule mdomo wazi, ile soda. Hakuweza.

Kamanthe alikuwa chumbani na mama yake, amevaa kitenge kipya, kitambaa kichwani. Alikuwa msichana wa sura ya upole, mwenye kuongea kana kwamba mmejuana tangu zamani.

"Dada, umepewa chai kweli? Tangu uje nakuona dirishani ukizunguka tu na jua. Mama, letea huyu dada chai na mkate."

Mama akatoka. Nthambi akampiga picha kadhaa, akimwambia ainue kidevu, ageuke kidogo kwenye mwanga. Sauti yake mwenyewe ilikuwa kama inatoka chumba kingine.

"Hiyo kamera ni ya zamani ama?" Kamanthe akauliza.

"Ni mpya. Sura tu ndiyo ya zamani."

"Aiya! Ni nzuri. Hebu nione vile nimetoka."

Nthambi akampa. Kioo kilionyesha ile picha ya mwisho, Kamanthe akitabasamu, mkono mmoja umetulia tumboni. Akajitazama kwa furaha ya mtoto.

"Nikitaka kuona ingine nabonyeza wapi?"

Kulikuwa na vishale viwili. Cha kushoto kingemrudisha kwenye picha za leo, moja baada ya nyingine. Cha kulia, kwa kuwa pale alipokuwa ni mwisho, kingemzungusha hadi picha ya kwanza kabisa. Nthambi alijua hivyo vizuri kuliko alivyojua jina lake.

"Popote," akasema.

Kamanthe akabonyeza kulia.

 Nje mbuzi mmoja alilia.

"Huyu ni Ndeti."

"Ndiyo."

"Ni wapi hapa?"

"Kwangu. Studio."

"Lini?"

"Siku ya Jamhuri."

"Siku ya Jamhuri aliniambia lori limeharibikia Mtito Andei." Kamanthe hakuondoa macho kwenye kioo. "Wewe ni nani yake?"

"Nilikuwa nafikiri mimi ndiye yule atamwoa."

"Na ulijua unakuja kwetu kufanya nini?"

"Sikujua. Nimejua alipoingia na wale mbuzi. Mimi namjua kama Aloys, sikujua hata hilo jina lingine."

Kamanthe akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika.

"Ungeniambia kwa mdomo."

"Niliogopa."

"Ukaachia kamera iniambie."

"Ndiyo. Nisamehe."

Mama akaingia na chai, akawakuta wamekaa hivyo. Kabla hajauliza kitu, sauti ya Festus ikasikika mlangoni. "Kamanthe, baba anakuita. Wako tayari."

Kamanthe akasimama. Kamera hakuirudisha. Alitoka nayo ameishika kwa mikono miwili, na Nthambi akamfuata, kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine.

Mzee Wathome, baba yake, alikuwa amesimama uani, wageni upande mmoja, wenyeji upande mwingine, mbuzi wamefungwa katikati. Kisu kilikuwa kimeshanolewa.

"Kamanthe, mwanangu," akasema, "hawa wageni umewaona. Wanasema unawajua. Mbuzi hawa tuwachinje?"

"Baba, kabla nijibu, naomba nimuulize Ndeti swali moja."

Minong'ono ikapita. Mjomba mmoja wa upande wa kina Ndeti akakohoa. "Kwa desturi, msichana haulizi maswali siku kama hii."

"Muache aulize," Mzee Wathome akasema. "Ni yeye anaolewa, si sisi."

Kamanthe akageuka. "Ndeti, huyu dada unamjua?"

Watu wote wakamtazama Nthambi. Aloys naye akamtazama, na kwa kitambo kidogo sana macho yake yakawa yale aliyoyajua Nthambi, ya mtu aliyekaa sakafuni pamoja naye wakifungua boksi. Kisha akamtazama mama yake. Kisha ardhi.

"Simjui," akasema. "Ni mpiga picha tu."

Nthambi alikuwa amedhani kwamba kuumia kote alikwisha kuumia pale alipomwona akiingia na mbuzi. Kumbe bado. Akashika nguzo ya kibaraza.

Kamanthe akamwendea baba yake, akampa kamera. Mzee akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu si ndiye Ndeti? Anacheka hivi na nani?"

"Anacheka na mpiga picha, baba."

 Aloys alifungua mdomo. "Mzee, hiyo picha..."

"Kijana, nimekuuliza kitu?"

 Mzee Wathome akairudisha kamera mikononi mwa binti yake, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akauliza tena kana kwamba hajauliza mara ya kwanza.

"Kamanthe, mbuzi hawa tuwachinje?"

"Wasichinjwe, baba."

Mama yake Aloys akajifunika uso kwa leso. Vijana wakafungua kamba. Mbuzi wakavutwa kurudi walikotoka, na hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele. Kamanthe akampa Nthambi kamera yake bila kumtazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Ndipo sauti ya kilio chake ikasikika hadi nje, na Nthambi akaondoka akiisikia.

Jioni ile ujumbe ukaingia.

"Nisamehe mpenzi. Nimewapoteza nyote wawili siku moja. Naomba nije tuongee."

Nthambi aliusoma mara nyingi. Mwisho akajibu: "Mimi ulinipoteza uliposema hunijui. Usije."

Alikuja hata hivyo, wiki iliyofuata, akagonga mlango wa studio. Nthambi alikuwa ndani, amekaa chini ya dirisha akisikiliza sauti yake. "Nthambi, fungua. Niliogopa tu. Mama alikuwa hapo, wajomba walikuwa hapo. Ungekuwa wewe ungesema nini?" Hakufungua. Alingoja mpaka hatua zake zilipokwisha, kisha akalia kwa kuwa zimekwisha.

Kamera akaifungia kabatini. Wateja wakauliza iko wapi ile kamera nzuri, akawaambia imeharibika. Akarudia ile ya baba yake, akapiga picha za pasipoti na za kitambulisho, akapungua mwili mpaka wenye maduka ya jirani wakaanza kumletea uji.

Mvua zilikuja zikapita. Siku moja simu ikalia, namba asiyoijua.

"Ni Kamanthe. Wa Kola."

Nthambi akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nimejifungua. Msichana. Nataka picha yake akiwa bado mdogo hivi."

"Kamanthe, wapiga picha ni wengi hapa Machakos."

"Najua ni wengi. Nimeita wewe."

Akaenda. Alimkuta Kamanthe amekaa kibarazani, mtoto amefungwa shuka la maua, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, inachemka jikoni. Walisalimiana kwa kupeana mikono, kama watu waliokutana mazishini. Nthambi akatoa kamera, akafuta vumbi, akapiga. Mtoto alikuwa na paji la uso alilolijua Nthambi, la Aloys.

"Ameshakuja kumwona?" akauliza, jicho likiwa bado kwenye kamera.

"Alikuja, na mama yake. Mama alilia sana. Wanataka kuleta mbuzi tena."

"Utakubali?"

"Sijui. Baba anasema nitajibu mimi." Kamanthe akamrekebisha mtoto shuka. "Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Usiniulize mimi, dada. Mimi si mtu wa kuulizwa hilo."

"Bado unampenda?"

Nthambi akashusha kamera. Angeweza kusema la, na Kamanthe asingejua. Lakini alikuwa amechoka na mambo ya kufichana.

"Ndiyo," akasema.

"Hata mimi," Kamanthe akasema.

Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wakitazama uani pale mbuzi walipofungwa siku ile. Mtoto akaanza kulia. Kamanthe akambembeleza, akashindwa.

"Nipe nimshike kidogo," Nthambi akasema.

Akapewa. Akamlaza kifuani, akamtingisha polepole, mpaka mtoto akanyamaza na yeye akaanza kulia. Kamanthe hakumwambia anyamaze. Aliingia jikoni, akapakua muthokoi katika sahani mbili, akarudi akakaa karibu naye, akangoja amalize.