Maji ya Saa Sita

Hapakuwa na mwanamke kijijini aliyejua kuogelea kama Nyamizi. Alikulia kando ya maji. Alipoolewa na Masalu, kwenye kijiji kilichoko njia ya kwenda Bugarama, alifurahi kukuta lambo karibu na nyumba. Lilikuwa bwawa la kina kifupi, lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Mtu mzima akisimama katikati, maji yalimfika kifuani.

Mama mkwe wake alimpenda. Watu walimwita Mama Masalu. Ndiye aliyemfundisha Nyamizi tabia ya lile lambo.

"Mwezi wa sita na wa saba usioge asubuhi, mwanangu," alimwambia. "Maji ya asubuhi yanakata mifupa. Ngoja saa sita, jua liyapashe. Ukifika mwezi wa tisa, maji yanapungua, yanakuwa vuguvugu mchana kutwa. Hapo utaoga kama umechemshiwa."

Nyamizi alifuata. Alfajiri alipika vitumbua, akaenda kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Saa sita alikuwa lamboni na nguo za kufua. Akimaliza kufua alijitosa, akaelea chali, macho ameyafumba. Binti yake Nelly alipofika umri wa kwenda shule, naye alikuwa akipiga mbizi kama bata.

Kisha Nyamizi akaanza kuumwa. Kiuno kilimuuma. Damu ilimtoka siku zisizo za hedhi. Kulala na mumewe kukawa mateso. Mimba ya pili haikuja.

Muuzaji wa duka la dawa hakumpima. "Huu ni ugonjwa wa zinaa," alisema, akampa vidonge. Vidonge viliisha, damu haikuisha. Akampa vingine.

Siku moja Masalu aliviona, akauliza ni vya nini, akaambiwa.

"Mimi siumwi," alisema. "Wewe ugonjwa huu umeutoa wapi? Kumbe kule machimboni huuzi vitumbua tu!"

"Baba Nelly, Mungu ananiona. Sijamjua mwanamume mwingine."

Masalu alitoka mpaka barabarani. Akapaza sauti, wapita njia wakasimama. "Nimeoa malaya! Arudi kwao!"

Nyamizi alimgeukia mama mkwe wake. "Mayu, mama yangu, nisaidie. Unanijua mimi."

Mama Masalu alikuwa akipepeta mtama. Aliinamisha kichwa, akaendelea kupepeta.

Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, kwa hiyo mtoto alihesabiwa wa upande wa baba. Nyamizi aliondoka peke yake. Nelly alilia mpaka sauti ikamkauka.

Alikwenda Geita, mtaa wa Kalangalala, kwa shangazi yake Suzana aliyeuza dagaa sokoni. Suzana alimwona anavyotembea ameshika kiuno.

"Mwanangu, ulipimwa?"

"Nilipewa vidonge."

"Sikuuliza vidonge. Ulipimwa?"

Wakaenda kituo cha afya. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Generosa. Alimsikiliza Nyamizi mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unaoga wapi?"

Nyamizi alishangaa. Tangu augue, hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Lamboni."

"Saa ngapi?"

"Saa sita. Asubuhi maji ni baridi."

Generosa alimpima, akapeleka mkojo maabara. Majibu yalipotoka alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Si zinaa, dada. Ni kichocho."

"Kichocho si ugonjwa wa watoto wa shule?"

"Ni wa yeyote anayeingia kwenye maji yenye vimelea. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya minyoo yanaingia humo. Yanaanguliwa, vimelea vinakulia ndani ya konokono wadogo wa kwenye majani ya kandokando. Jua likipanda na maji yakipata joto, vimelea vinatoka kwa konokono kwa wingi. Vinapenya ngozi, wala husikii. Saa sita ndiyo saa yao."

"Kwa hiyo nioge asubuhi?"

"Hapana. Asubuhi ni vichache, lakini vipo. Hakuna saa salama. Na kiangazi lambo likipungua, konokono wanasongamana kwenye maji machache. Hapo hatari inazidi."

"Na hii damu?"

"Mayai ya minyoo yanakwama kwenye kibofu na kwenye njia ya uzazi. Yanaleta vidonda. Wanawake wengi wanatukanwa bure."

Generosa alimpa dawa. Alimwambia ale kwanza ndipo ameze. Kisha akashusha sauti. "Dawa inaua minyoo. Lakini makovu yaliyokwisha kuingia, siwezi kukuahidi kuwa yatapona. Huenda usishike mimba tena."

Nyamizi akasimama ghafla. "Mwanangu anaogelea kule mpaka leo!"

Alirudi kijijini kumchukua Nelly akapimwe. Masalu alimzuia mlangoni. Nyamizi akaeleza palepale aliyoambiwa na muuguzi, mama mkwe akisikia.

"Umekuja na uongo wa mjini," alisema. "Mtoto haendi popote."

Nyamizi akaondoka. Alipofika kwenye uzio wa minyaa, alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Mama Masalu.

"Huyo muuguzi," mama alisema taratibu, "alisema damu inatoka hata siku zisizo zake? Na kiuno kinauma?"

"Ndiyo."

Mama Masalu alitazama chini. "Mimi ninatoka damu hivyo tangu Masalu yuko mgongoni. Baba yake alinipiga kwa ajili hiyo. Nikajifunza kunyamaza."

"Na siku ile ukaninyamazia mimi," alisema Nyamizi.

Asubuhi yake Mama Masalu alimshika Nelly mkono, akampeleka zahanati bila kumwambia mwanawe. Nelly alikuwa na kichocho. Bibi alikuwa na kichocho. Masalu alipoitwa kupimwa, naye alikuwa nacho.

Mkutano uliitishwa shuleni, na Nyamizi akaja. Wataalamu wa afya waliposema, watu walinong'ona. Ndipo Mama Masalu aliposimama mbele ya wote.

"Mkwe wangu alifukuzwa kwa ugonjwa ambao mimi ninao tangu ujana," alisema. "Tulimwita malaya. Ni mimi niliyemwambia asubiri maji yapate moto."

Wanawake wengi walijiandikisha kupimwa siku ileile. Wanakijiji walikubaliana pia namna ya kuishi na lambo. Hakuna kukojoa ndani wala kandokando. Hakuna kuogelea, iwe baridi au joto. Maji ya kuoga na kufulia yachotwe, yachemshwe, au yatuame siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko. Na choo kwa kila nyumba.

Mkutano ulipokwisha, Masalu alimfuata Nyamizi nyuma ya darasa.

"Kumbe ulikuwa ugonjwa tu," alisema. "Nisamehe. Turudi nyumbani."

"Uliniita malaya barabarani, watu wakisikia," Nyamizi alijibu. "Mbona msamaha unaniletea nyuma ya darasa? Nenda ukauseme pale mbele, watu hawajaondoka."

Masalu alitazama watu. Akatazama viatu vyake. Hakwenda.

Nyamizi alirudi Geita, akauza dagaa na shangazi yake. Maumivu ya kiuno yalipungua, damu ikakoma. Habari ya kupata mimba ikawa imekwisha kwake. Baada ya mavuno Masalu alioa mke mwingine.

Mwaka uliofuata watoto wa shule walipimwa. Waliokutwa na kichocho walikuwa wachache sana. Nelly hakuwamo. Likizo ilipofika, bibi yake alimleta Kalangalala, mtoto amenenepa, mashavu yanang'aa.

"Mama," Nelly alisema wakati wa kula, "mama mdogo ana mimba. Bibi anamchotea maji kila siku, anayatuamisha kwenye pipa."

Nyamizi aliweka tonge chini. Suzana alimtazama, akaacha kutafuna.

"Ni vizuri," Nyamizi alisema. "Ukirudi mwambie asije akaingia lamboni. Hata jua likiwa kali vipi, hata maji yakiwa mazuri vipi. Mwambie mimi nimesema."