Mwanafunzi wa Thelathini

"Bilonda?"

"Présente," sauti ya msichana ikaitika kwamba yupo.

Chaki ilimponyoka Mwalimu Isaïe. Bilonda walikuwa wamemzika majuma mawili yaliyopita.

Huo ulikuwa mwaka wa 1937, katika shule ndogo kwenye njia ya kwenda Kabongo. Padri wa misheni, mwenye shule, alikuwa amesema wazi: wanafunzi wakiwa chini ya thelathini, anaifunga. Homa ikamchukua Bilonda, wakabaki ishirini na tisa. Isaïe, aliyefyatua matofali ya shule ile kwa mikono yake, hakuthubutu kulifuta jina lake daftarini. Akawa analiita kila asubuhi, ili watoto wazoee, Padri akija wasiropoke. Jamani, Muluba mzima, aliyelelewa katika mila za kabila lake! Alijua fika kwamba jina la marehemu haliitwi hovyo kabla halijapewa mtoto mchanga.

Binti yake mwenyewe, Clotilde, ndiye aliyekaa benchi moja na marehemu.

"Mbona unajibana?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Tata, ananisukuma. Mukono yake iko baridi."

Isaïe akasogea, akasikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, akasikia kalamu ikikwaruza kibao mahali ambapo hapakuwa na mtoto, akamwona mwanawe akitetemeka huku jasho likimtoka, na watoto wengine wote wakitazama pale pale, kana kwamba wamezoea siku nyingi.

Alimkimbilia Kambo Biuma, nyanya wa marehemu.

"Muntu weye unamuita kila asubuhi, atalala namna gani?" bibi akafoka, machozi yakimlenga. "Acha kumuita! La sivyo atabeba mutoto yako, aende naye."

Shule au Clotilde. Isaïe hakusitasita. Alimwandikia Padri ukweli wote, naye akaagiza shule ifungwe. Kambo Biuma akapaka mlango wa shule chokaa nyeupe ya kumuaga marehemu, akamwaga maji kizingitini, akanong'ona, "Enda, mutoto yangu. Masomo imekwisha." Mlango ukafungwa. Isaïe alilia njia nzima, wala hakuona haya.

Jioni ile walikaa nyumbani kula. Mkewe, Lucienne, alikuwa anapakua bukari, ugali wao. Clotilde akasogea pembeni mwa mkeka, akaacha nafasi.

"Mama, Bilonda alikuwa mu njia, analia. Anauliza, vile masomo inafungwa, yeye atakaa wapi?"

Mwiko ukasimama hewani.

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimuambia aingie."