Kabati Lenye Kioo Kirefu

"Weka hiyo hiyo ndogo, mpenzi. Nani atakagua mbao kwenye simu?"

Mhariri wa video aliivua miwani yake, akaipangusa kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena. Mchumba wake, mpigapicha ambaye mtaa mzima ulimwita Lenzi, alikuwa ameegemea mlango wa studio yao akichezea funguo. Huyu ndiye mwanamume aliyezoea kugomba hata picha ya kitambulisho ikipungua ubora. Leo, eti video ndogo inatosha.

"Lenzi, faili hili umelituma kwa simu, na simu imelibana mpaka limekuwa uji. Tazama kabati la mwisho, lile lenye kioo kirefu. Ndani ya kioo naona madoa ya rangi tu."

"Tovuti inataka kitu chepesi. Si wewe unayetuhubiria kila siku? Faili likiwa zito, ukurasa unabaki kuzunguka, mteja anakwenda zake."

"Wepesi nautengeneza mimi, kutoka kwenye faili kubwa. Natoa nakala ya kompyuta, natoa ya wastani, natoa na ndogo kwa mwenye mtandao dhaifu. Zote naziweka katika MP4, maana hiyo hufunguka karibu kila mahali, na tovuti yenyewe inampa kila mtu inayomfaa. Kubwa naweza kuipunguza. Ndogo nikiikuza, nakuza matope. Niletee faili la kamera."

"Kadi imeharibika."

"Tangu lini?"

"Imeharibika, basi! Unanihoji kama askari?" Kisha akalegeza sauti, akambusu kwenye paji la uso. "Harusi imekaribia, mama. Usijichoshe bure."

Mhariri alimwamini. Gauni lilikuwa limekwisha kushonwa, ukumbi umekodiwa, na mdogo wake wa pekee, Kidosho, ndiye aliyekuwa awe mpambe wake. Huyo Kidosho ndiye pia aliyeigiza mteja katika video hiyo ya duka la samani. Lenzi ndiye aliyemchagua. "Ana uso unaopendwa na kamera," alisema, na dada mtu akafurahi.

Ikaondoka video ndogo. Kesho yake asubuhi ukaingia ujumbe wa mwenye duka, mama mtu mzima aitwaye Bi Makabati:

"Mwanangu, nimeona ulichonitumia. Mbao zangu zinaonekana kana kwamba zimechemshwa. Njoo."

Dukani kulinukia vanishi. Bi Makabati alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kuuza, bado kimefunikwa nailoni.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umeniletea ukungu, mwanangu! Mlango wa kabati na ukuta haviachani."

"Niwie radhi. Kadi ya kamera iliharibika, tukabakiwa na nakala ndogo."

"Kadi gani tena? Mwenzako alininakilia video zote kwenye flashi siku ile ile, hata vyombo vyake hajafungasha. Ndiyo sharti langu: kazi ikipigwa dukani kwangu, nakala inalala dukani kwangu. Kompyuta yangu ilishindwa kuzifungua, nikaitupa kwenye droo."

Akaivuta droo, akaitoa flashi.

Mhariri alikuwa na desturi yake: kabla ya kukata chochote, aliitazama video ya kamera mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake ya mkononi. Bi Makabati akasogeza kiti.

"Hayo sasa ndiyo makabati yangu! Ona mishipa ya mbao!"

Ikafika picha ya mwisho. Kamera ilikuwa imewekwa juu ya reli ndogo inayojiendesha. Ukishaiwasha, mikono yako iko huru. Ilipita taratibu mbele ya makabati, moja baada ya jingine, hadi lile lenye kioo kirefu.

Doa la buluu lilikuwa shati la Lenzi, alilolipiga pasi mhariri mwenyewe. Doa la manjano lilikuwa gauni la Kidosho. Walikuwa wamekumbatiana nyuma ya kamera, midomo imekutana, na vidole vya Kidosho vikichezea ukosi wa shati bila haraka, kama vya mtu aliyezoea.

"Ala! Yule si ndiye mteja wa kwenye video?"

"Ndiye."

"Na mwanamume?"

"Ni mchumba wangu, Bi."

"Yallah! Na binti, unamfahamu?"

Mhariri aliisimamisha video.

"Tumenyonya ziwa moja."

Bi Makabati akanyanyuka. "Nikuletee maji."

"Hapana, Bi. Niache niirudie."

Akairudia. Akaikuza. Picha haikufifia hata kidogo.

Mchana akawaita wote wawili studio. Kidosho aliingia akicheka.

"Dada, gauni langu limefika?"

"Kaa. Nataka mnisaidie kuchagua." Akawasha skrini mbili. "Kushoto ni ile ndogo. Kulia ni ya kamera. Niambieni ipi niiweke kwenye tovuti."

Lenzi akasimama wima. "Umeipata wapi?"

"Hukuuliza ni nini. Umeuliza nimeipata wapi."

"Izime, mpenzi."

"Haijafika mwisho."

Ilipofika, Kidosho alijifunika uso. "Dada, nisamehe! Aliniambia anakuoa kwa huruma tu!"

"Muongo!" Lenzi akafoka. "Sikusema hivyo!"

"Hukusema? Hukusema ukimwacha atajidhuru?"

"Kumbe nilikuwa nahurumiwa," mhariri alisema polepole. "Na mimi nikipiga pasi."

Lenzi akapiga magoti. "Mke wangu, shetani tu. Ni mara moja, siku hiyo tu, nakuapia."

Kidosho akaondoa viganja usoni, akamtazama.

"Mara moja?"

Mhariri aliivua pete, akaiweka juu ya kibodi.

"Basi ifute," Lenzi alinong'ona. "Watu hawajaiona."

"Hilo ndilo linalokuuma? Tokeni. Wote wawili."

Jioni akampigia mama yake simu.

"Mama, harusi haipo." Akamweleza yote.

Mama akamjibu: "Kaa kimya basi, mwanangu. Usimharibie mdogo wako. Yeye bado hajaolewa."

"Hata mimi sijaolewa, mama."

"Wewe ni mkubwa. Utastahimili."

Mhariri alikata simu. Kati ya yote aliyoyasikia siku hiyo, hilo ndilo lililomliza.

Kesho yake alirudi dukani peke yake na kamera ya kuazima. Akalipiga upya kabati lenye kioo kirefu, akatoa nakala zake tatu, akaziweka kwenye tovuti, akazijaribu kwenye simu kuukuu ya Bi Makabati.

"Inafunguka upesi, na inang'aa!" bibi huyo alishangilia. Kisha akamtazama. "Umekula lakini, mwanangu?"

"Bado, Bi. Niache niitazame kwanza."

Akaitazama mwanzo hadi mwisho. Kamera ilipita taratibu. Ndani ya kioo kulionekana viti vilivyofunikwa nailoni na mlango wa duka ulio wazi. Hapakuwa na mtu.