Sauti Ndani ya Jalada la Dansi

"Inspekta, mtu akishatoa sadaka, anaweza kuiomba tena?"

Swali hilo Inspekta Orrin Haverkamp aliulizwa na jirani yake juu ya ua wa mbao, Oktoba ile ya Vita Kuu ya Pili, mjini Kellersburg, Ohio. Yeye alikuwa akikata kabichi pale ambapo zamani palikuwa na nyasi na maua ya marehemu mkewe. Jirani, Lottie Amsbaugh, mjane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Emmett, alikuwa akifunga banda la kuku.

"Muulize mchungaji," Haverkamp alijibu akicheka. "Mimi nashughulika na wasiotoa."

Mama Emmett hakucheka. Alizivuta glavu zake nyeupe mpaka kwenye vifundo vya mikono, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi simu ililia kituoni. Ukumbi wa maveterani ulikuwa umevunjwa.

Chumba cha chini ya ukumbi ndimo zilimowekwa santuri kuukuu zilizochangwa na mji mzima. Zilikuwa zipelekwe kiwandani, zisagwe, ziyeyushwe, zitoke mpya za kuwachangamsha vijana walioko vitani. Lori lilikuwa linakuja wiki hiyohiyo.

Haverkamp alisimama mlangoni akatazama kabla ya kuingia. Ndiyo ilikuwa desturi yake: macho kwanza, miguu baadaye.

Makasha yote yalikuwa wazi. Lakini hakikuonekana hata kipande kimoja kilichovunjika. Santuri zilipangwa sakafuni kwa mafungu, kila moja ndani ya jalada lake, kubwa chini na ndogo juu, kama sahani zilizooshwa zikaanikwa.

"Mwizi gani huyu anayefanya usafi?" aliuliza Sajini Crull.

"Mwizi aliyelelewa vizuri," alisema Haverkamp.

Bwana Lowell Stickney hakuona la kuchekesha. Alikuwa mwenye duka la samani na mwenyekiti wa kamati ya michango. Mtu mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote. Dirishani mwa duka lake kilining'inia kibendera chenye nyota. Hadi masika nyota ile ilikuwa ya buluu, kama ya kila nyumba yenye mtoto vitani. Kisha Royce, mwanawe wa pekee, akauawa kisiwani huko Pasifiki, na mkewe Stickney akashona ya dhahabu juu yake. Tangu hapo baba mtu hakupumzika. Alikusanya chuma chakavu, akakusanya mafuta ya kukaangia, akakusanya makopo. Sasa ilikuwa zamu ya santuri.

"Kimeibwa nini?" Haverkamp aliuliza.

"Nitajuaje? Zimejaa chumba kizima. Lakini mali ya askari imeguswa, Inspekta. Nataka mtu, na nataka asimame mahakamani. Huyu si mwizi wa kuku."

"Na kama alikuwa na sababu?"

"Royce naye alikuwa na sababu za kubaki nyumbani."

Haverkamp akageukia dirisha.

Dirisha lililovunjwa lilikuwa la chini, karibu usawa wa ardhi. Mtu mzima angeweza kupita kwa kuinama. Alama za vidole hazikupatikana. Lakini juu ya kizingiti cha mbao palikuwa na doa la hudhurungi lililoburuzwa kuelekea ndani.

Crull akapiga mluzi. "Rangi ya miguu! Amepitisha mguu hapa, rangi ikabaki."

Halikuwa wazo la kijinga. Soksi za hariri na za nailoni zilikwisha kwenda kushonwa miavuli ya wanajeshi wa angani, na wasichana wa mji walijipaka rangi miguuni, wakajichora mshono kwa wanja nyuma ya mguu, wakatoka kama waliovaa.

"Basi ni Jewell Pickard wa mkahawani," Stickney alisema papo hapo. "Alipoleta santuri zake za dansi alilia mbele ya kamati nzima. Akasema atakuja kuziiba. Mashahidi wapo."

Haverkamp alikikwangua kizingiti kwa kisu, akatoa kibanzi chenye doa, akakifunga katika leso.

"Nyama leo hakuna, siagi usiulize, na sukari ni kijiko kimoja," Jewell alimwambia mkahawani kabla hajaketi.

"Sikuja kula, binti."

"Afadhali. Hata mimi nisingekula."

"Jana jioni, watu wakiwa ibadani, ulikuwa wapi?"

"Sinema. Nilisinzia katikati, mwenzangu akaniamsha kwa kiwiko. Mbavu bado zinauma, muulize."

"Ulisema utaiba santuri zako."

"Nilisema. Nilisema pia nitaolewa na jemadari. Unamwona hapa?"

Wazee wawili kwenye kaunta wakacheka ndani ya vikombe vyao. Haverkamp aliifungua leso.

"Hii ni rangi yako?"

Jewell alichovya kitambaa majini, akaunyoosha mguu, akaupangusa bila haya. Rangi ikatoka, ngozi ikabaki nyeupe kama unga. "Mvua ikininyeshea, Inspekta, nageuka punda milia." Kisha akakisugua kile kibanzi. Akasugua tena. Doa halikutikisika. "Hii si ya chupa. Hii imeingia kwenye mti."

Haverkamp alikichukua kibanzi, akakinusa. Harufu kali, chungu, ya majani mabichi. Moyo ukamrudisha nyuma ghafla, kwenye mikono ya mkewe, kila Oktoba, miaka yote waliyoishi pamoja.

Maganda ya kokwa za mjozi.

Kabla ya vita watu wa Kellersburg walizimwaga kokwa njiani, wakapita juu yake na gari, maganda mabichi yakabanduka yenyewe. Siku hizi nani angethubutu? Tairi limekuwa johari. Basi watu walizikanyaga kwa viatu, na utomvu wake ukazama kwenye soli. Na kwa kuwa viatu navyo vilitoka kwa kuponi za mgawo, kiatu cha kukanyagia kokwa ndicho hichohicho cha kwendea mjini. Na mikono? Weusi ule hautoki kwa sabuni wala kwa siki. Hukaa mpaka ngozi yenyewe iuchoke.

Mijozi ilikuwa mingi mjini. Lakini ni mwanamke gani anafunga banda la kuku amevaa glavu za kanisani?

Kulikuwa na jambo jingine. Jumapili jioni Haverkamp alikuwapo ibadani. Aliona kiti cha jirani yake kitupu katika safu ya kwaya, kiti ambacho hakijakaa kitupu hata wakati wa homa. Alijiambia ni baridi yabisi. Jicho lilikwisha kuona. Moyo ndio uliokataa kutoa ushahidi.

Alirudi mtaani kwake kwa miguu, polepole, kama mtu anayetaka njia irefuke.

"Hodi."

"Karibu, Inspekta. Kahawa ipo. Sukari tutaizungumza tu."

Jikoni palinukia kokwa. Sinia ilikuwa mezani, na keki iliyotiwa asali badala ya sukari ilikuwa ikipoa. Dirishani nyota ya buluu iligeukia barabara. Mama Emmett alimmiminia kahawa, mikono imo ndani ya glavu nyeupe.

"Mama Emmett," alisema Haverkamp kwa upole, "vua glavu."

Birika lilitua mezani. Alivua moja, kisha nyingine, akaiweka mikono juu ya meza. Ilikuwa imekolea weusi kama chuma cha jiko.

"Nani amekuambia?"

"Viatu vyako. Vimesema dirishani."

Alivitazama miguuni. "Ndivyo nilivyo navyo."

"Ulichukua nini kule?"

"Changu."

"Ulikwisha kukitoa."

"Ndiyo maana nilikuuliza, baba. Ukanitania."

Haverkamp akaona aibu, akanywa kahawa ambayo hakuitaka. Mama Emmett aliinuka, akafungua kabati, akaleta jalada lenye picha ya mwanamume na mwanamke wanacheza dansi. Ndani, badala ya santuri ya muziki, mlikuwa na santuri ndogo ya kadibodi inayong'aa.

"Emmett alirekodi sauti kambini kabla meli yao haijaondoka. Wana kibanda, unaingia, unasema, wanakupa. Lakini ni kadibodi, Inspekta. Kila ukiipiga, sindano inakwangua kidogo. Mwanzoni niliipiga kila jioni. Siku moja nikasikia kama ana mafua. Hakuwa na mafua. Ni mimi niliyekuwa namla."

Alipangusa vumbi ambalo halikuwapo.

"Basi nikaificha nisiione. Nikaiweka mahali ambapo mkono wangu hauendi tangu nilipobatizwa: kwenye santuri za dansi za marehemu mume wangu. Siku ya mchango bendi ikapita, kila mama anatoka na kasha. Nikajiambia, Lottie, bakiza nyimbo za kanisa, toa hizi za dunia. Nikatoa kwa moyo mweupe kabisa. Nilipopiga magoti kusali ndipo nikakumbuka."

"Kwa nini hukumwambia Stickney? Angekupa hata akiwa amekunja uso."

"Nilimwendea. Nikaanza. Akasema mbele ya watu, 'Mama, sadaka hairudi. Ya kwangu ilirudi?'" Alilipapasa jalada. "Nikashindwa kumwambia kilichomo."

"Kilichomo ni sauti ya Emmett."

"Si ya Emmett peke yake."

Haverkamp akaweka kikombe chini.

"Nipeleke kituoni," alisema Mama Emmett, akichukua koti lake. "Na umwite Bwana Stickney. Nimechoka kulala na jambo hili."

Glavu alizisahau mezani, au alijifanya amezisahau.

Stickney aliwakuta ofisini. Alipomwona aliyekaa kwenye kiti cha washtakiwa alisita kidogo tu.

"Mama Emmett? Nisingedhani." Kisha uso ukajifunga tena. "Nasikitika. Lakini umama si kibali cha kuvunja madirisha. Kila mama katika mji huu ametoa kitu. Inspekta, andika."

"Andika," Mama Emmett alisema. "Sikatai. Nilivunja, nikaingia, nikachukua. Ila kwanza Inspekta apige santuri hii, Bwana Stickney asikie."

"Itakwanguka," Haverkamp alimwambia kwa sauti ya chini.

"Najua."

Crull alileta gramafoni kutoka chumba cha walinzi. Haverkamp alichagua sindano mpya, akaishusha kama mtu anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

Mwanzo ulikuwa mkwaruzo mtupu. Kisha, kwa mbali, kijana akakohoa.

"Mama, hujambo? Mimi mzima. Chakula ni kingi, ladha ndiyo haijawasili. Kokwa zimeanza kudondoka? Usizikanyage peke yako, mgongo wako naujua. Mimi huku..."

Ghafla pakawa na kishindo cha mlango na sauti nyingine, nyepesi, imejaa kicheko.

"Mama Emmett! Anakudanganya huyu, analia hapa kama ndama! Nibakizie keki, kipande cha pembeni! Na ukimwona baba yangu, mwambie atabasamu japo mara moja. Tabasamu halihitaji kuponi!"

"Toka, Royce, mashine inakwisha!"

"Mwambie lakini!"

Halafu vicheko viwili, vimegongana, mpaka mwisho wa santuri. Sindano ikabaki ikikwaruza patupu. Haverkamp aliinyanyua.

Bwana Stickney alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwona akiinuka. Mkono mmoja ulishika ukingo wa meza.

"Wavulana walikwenda kibandani pamoja," Mama Emmett alisema. Hakumtazama usoni, aliitazama mikono yake mwenyewe. "Nilikuwa nayo kabla Royce hajafa. Kibendera chako kilipobadilika, nilivaa koti nikuletee. Nikafika mpaka langoni kwako. Nikarudi. Nilijua utataka kumsikia kila siku, nani asingetaka? Na kila siku ingechukua kidogo cha Emmett wangu, na Emmett hajaandika tangu kiangazi. Nilikunyima mwanao ili nibakize wangu. Halafu nikaja kwako kuomba nirudishiwe, nikakutazama, mdomo ukafa." Alivuta pumzi. "Dirisha ni jambo dogo, Bwana Stickney. Kosa langu ni hilo. Hilo ndilo liandikwe kwanza."

Barabarani lori lilipita taratibu, likiogopea tairi zake.

"Bwana Stickney," alisema Haverkamp mwishowe, kalamu mkononi. "Shtaka?"

Stickney alikizunguka kiti, akainama juu ya gramafoni. Aliinyanyua ile santuri kwa mikono miwili, kwa kingo zake, kama mtu aliyebeba yai la kuku wa mwisho. Aliitazama sana, kama kwamba pale penye mistari myembamba angeweza kuona ni upi uliokuwa kicheko. Kisha akatafuta lile jalada la dansi, akaichomeka ndani, akalilaza kwenye viganja vyeusi vya Mama Emmett. Akavikunja vidole vyake juu ya jalada, kimoja kimoja, mpaka vikashika.

Akachukua kofia yake, akatoka. Haverkamp akaifunika kalamu bila kuandika kitu.