Bomba la Kushusha Joto

Kila asubuhi Hoat alimwogesha mama yake kwa maji baridi, na kila asubuhi mama alitetemeka hadi meno yakagongana. Kuni zilikuwepo, lakini moshi ulimfanya akohoe damu. Huku milimani Da Lat, Desemba haina huruma.

Hoat alikuwa ameweka bati jeusi juu ya paa. Mchana bati lilichoma mkono. Pipa la maji aliliweka chini bafuni, kwa sababu chini ya paa hilo palikuwa na madhabahu ya mababu, na maji ya kuogea hayakai juu yake. Kutoka kwenye bati hadi kwenye pipa alishusha bomba refu la shaba, akatia maji ndani na kuliziba. Pipa halikupata hata uvuguvugu. Akaongeza maji kwenye bomba. Bure.

"Si umuulize Lieu?" mama alisema. "Au unangoja nife kwanza?"

Lieu, jirani yao, alikuwa fundi wa majokofu. Hoat alikuwa akiona haya kumwita. Lieu alikuja, akaligonga bomba.

"Kaka Hoat, hili limejaa kama tumbo la mlevi. Sikiliza. Moto ukiwa chini, maji ya ndani huwa mvuke, hupanda, hupoa, kisha hutiririka kurudi motoni. Moto wako uko juu. Mvuke utashuka na kuwa maji. Halafu? Maji hayana miguu ya kupanda."

"Basi nipandishe pipa?"

"Juu ya kichwa cha marehemu baba yako? Mimi simo. Yape maji utambi."

"Kama wa taa?"

"Huohuo. Wavu wa nyuzi nyembamba za shaba, ushikamane na ukuta wa ndani. Maji hupanda humo. Ila utambi hauvuti mbali, kwa hiyo tukate mabomba mafupi, shubiri moja moja. Maji kidogo tu, na hewa yote tuinyonye kabla ya kuziba."

Wakahamishia bati kwenye kipaa cha bafu, juu tu ya pipa, wakafunga mabomba manane. Siku ya tatu Hoat alimmwagia mama maji mgongoni. Mama hakutetemeka.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimeshasahau."

Alioga hivyo siku kumi na moja. Kuuliza si ujinga, lakini Hoat alikuwa amekaa miezi miwili bila kuuliza, na hilo lilimuuma.

Siku ya kumi na mbili mama hakuamka. Hoat alichota maji kwenye pipa, akatia mashina ya giligilani kama ilivyo desturi ya kuosha maiti, akamwosha mama kwa mara ya mwisho. Lieu alimshikia ndoo.

"Yana moto?" Lieu aliuliza.

"Yana moto," Hoat alijibu, na hapo ndipo akalia.