Kadi za "Kama"

Nakutegea kitendawili wewe unayesoma huku ugali unaiva mekoni: mtumishi wangu hana macho wala masikio, amri zangu anazitii zote, lakini nikisahau kumwambia "kama", nikimtuma awashe jiko atachoma nyumba. Usinipe mji upesi. Hata Inspekta Crispus Munyao wa polisi Voi kilimchukua asubuhi nzima.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa. Katika ofisi ya shamba la makonge la Mwanjila, pande za Mraru, sanduku la bati lilikutwa wazi. Ndani mlikuwa na kadi ngumu zenye matundu, zimebanana kama mkate uliokatwa. Kadi hizo ndizo programu. Zilikuwa ziende Mombasa kwa treni ya mchana, zikasomwe na kompyuta. Sasa zilijaa mapengo.

Mlinzi, Mzee Zephaniah Amolo, alikuwa amekalishwa sakafuni na pingu mikononi.

"Ufunguo wa ofisi ni wake, afande," konstebo alisema. "Kesi imekwisha."

"Imekwisha kabla sijavua kofia? Mpe mzee kiti."

Mzee Amolo aliketi taratibu. "Inspekta, nikifungwa, kazi imeenda. Na hapa kazi ikienda, nyumba nayo inaenda. Watoto wangu watalala wapi?"

Inspekta alivua kofia. Alimwita mwandishi wa programu, Donald Mwandawiro, kijana wa tai nyembamba.

"Bwana Mwandawiro, nieleze kadi hizi kama unavyomweleza nyanya yako."

"Nyanya yangu angeniuliza kwanza kama nimekula."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi fanya haraka ukale."

Donald akacheka, akainua kadi. "Kauli za programu zina aina zake. Kuna za kutambulisha: huyu ni mfanyakazi, hii ni nyumba. Hizo sizipaki rangi. Kuna za amri: soma, hamisha, andika. Ukingo wake ni kijani. Halafu kuna za sharti, zinazoanza na 'kama'. Hizo nyekundu."

"Zilizoibwa?"

"Nyekundu tu."

"Zote?"

Donald alipekua. "Zote... isipokuwa hii." Akaona haya. "Na hii si ya sharti. Ni ya amri, niliipaka nyekundu kwa makosa."

Inspekta aliitwaa. Juu ya matundu palikuwa na herufi ndogo za Kiingereza.

"Mzee Amolo, hapa pameandikwa nini?"

"Afande, Kiingereza changu kinaishia kwenye 'yes sir'."

Hata konstebo alicheka. Inspekta hakucheka.

"Mtu anayefuata rangi angebeba na hii," alisema. "Huyu wetu aliiacha. Alisoma."

Konstebo akamgeukia Donald. "Basi ni huyu!"

"Huyu ndiye mwenye kuziandika. Akitaka kuzibadilisha anachukua kalamu tu. Nani mwingine anazisoma?"

Kwenye kona, mashine ya kutobolea kadi ilinyamaza. Nyuma yake alikuwa Tryphena Wakesho, msichana aliyezitoboa kadi zote zile kutoka kwenye karatasi za Donald.

"Tryphena, mwanangu. Jana watu walipokwenda kula, nani alibaki humu?"

"Mimi, Inspekta. Nilikuwa na kazi."

"Kazi gani?"

Tryphena alisukuma kiondo chake chini ya meza kwa mguu.

"Nisaidie jambo moja. Kwa nini mtu aibe masharti, aache amri?"

Tryphena alitazama vidole vyake.

Inspekta hakumsukuma. "Bwana Mwandawiro, programu hii inafanya nini?"

"Inaandika notisi za kuhama nyumba za kampuni, kwa wasiostahili kukaa."

"Ikienda hivi, bila nyekundu, mashine itagoma?"

"Haigomi. Amri isiyo na sharti haichagui mtu. Itaiandikia notisi kila nyumba kambini."

Hapo Inspekta akamjua yule mtumishi asiye na macho. Akafunga sanduku, pa!

"Konstebo, peleka sanduku hili stesheni ya treni."

"Msipeleke!"

Kiti cha Tryphena kilianguka. Alifungua kiondo chake, akaondoa sweta aliyokuwa akiifuma, akatoa kadi nyekundu zilizofungwa kwa uzi wa makonge.

"Nilizichukua mimi. Nilidhani mashine ikikosa 'kama' haitapata wa kumtoa. Haki ya Mungu, sikujua itawatoa wote. Wala sikufikiri mtamshika Mzee Amolo."

Pingu zilifunguliwa. Mzee alisugua vifundo vyake, akamtazama msichana. "Na mimi kila asubuhi nakufungulia mlango, binti yangu!"

"Nisamehe, Baba."

Inspekta alizitandaza kadi mezani. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Hizi zote hukuzihitaji. Ni ipi uliyoitaka?"

Tryphena hakutafuta. Mkono ulikwenda wenyewe.

"Kwa nini hii?"

"Hii inasema: kama mume amefariki. Baba yangu alifia kwenye mashine ya kukwangua makonge, hapa hapa shambani. Mama bado yuko katika nyumba ya kampuni, Inspekta. Na matundu haya ya kumtoa, niliyatoboa mimi."